Vita vya Joto Juu ya Kabati la Mama Mkwe

Enyi mlioketi na mnaopita, wekeni vijiko chini, sogezeni viti! Nawasimulia Fundi Redio, shujaa wa bisibisi, mtuliza nyaya zenye hasira, na vita alivyopigana na Joto, adui asiye na sura.

Alimfungia mama mkwe kikompyuta kisichozidi kiganja, juu ya kabati, kando ya televisheni, ili aangalie tamthilia. Lakini ole! Kila mara bibi harusi wa tamthilia hiyo alipofumbua mdomo ataje ampendaye, kikompyuta kilipandwa na homa, kikazima. Na sasa ilifika jioni ya sehemu ya mwisho.

"Mwanangu," alitangaza mama mkwe, "leo kikizima tu, nahamia kwa mkwe mwenzio."

Yule mkwe mwenzie! Fundi hangekubali kushindwa na huyo. Akavaa viatu, akaenda dukani, akasimamisha makasha matatu ya kuvalisha kikompyuta kwenye kaunta, akayakagua kama jemadari. La kwanza la plastiki, maridadi, lakini halina hata tundu la kupumulia. La pili lina feni, nayo inanguruma.

"Hili litameza maneno ya wapendanao!" akanguruma naye. La tatu lilikuwa la alumini, zito, mgongo wenye mapezi kama ya samaki, ya kutoa joto, kimya kabisa. "Ewe mwenye mapezi, twende nyumbani!"

"Nikufungie, mzee?" akauliza muuzaji.

"Joto ndilo litakalofungwa!"

Nyumbani akakivalisha kikompyuta kasha lake, akakaza skrubu, tamthilia ikaanza. Bibi harusi akavuta pumzi, na kioo kikawa cheusi. Lahaula! Fundi akaruka hadi kabatini, na hapo akaona: kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, kimelifunika kasha gubigubi.

"Nani kafunika?"

"Mimi, kila siku, ukishageuka," akajibu mama mkwe kwa fahari. "Kitu kizuri hivyo kikae uchi, kipigwe vumbi? Na kitambaa nimekifuma kwa mkono wangu."

 Atasemaje? Fundi akapiga goti.

"Ewe Mama, uliyenipa mke na ukanivumilia! Mkubwa kama huyu hafunikwi. Hutandikiwa!"

Akakitandaza kitambaa chini, akaliweka kasha juu yake, akawasha.

"Kumbe! Si ungesema tangu mwanzo, baba? Tena kapendeza."

Bibi harusi akataja jina. Mama mkwe akaruka kitini, akacheka mpaka machozi. Fundi akagusa mapezi: vuguvugu tu. Andikeni, enyi watunza historia, kwamba siku hiyo Joto lilishindwa!

Mama mkwe alikuwa tayari kwenye simu, akizungumza na yule mkwe mwenzie.

"Usinisubiri, mwanangu. Huku kwetu kuna ubaridi."