Mpango wa Kuigiza Huzuni

Jumatatu, 15 Juni 2020

Chuo kimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Miezi mitatu chumba kimoja hapa Mashimoni, mimi, dada yangu Nekoye na cherehani yake. Yeye anashona barakoa. Mimi nahudhuria masomo kwa simu. Yaani, simu ndiyo inahudhuria. Mimi nasinzia.

Leo nimesikia Austine Omolo ameongezewa muda wa kumaliza kazi ya muhula. Sababu: msongo wa mawazo! Austine! Aliyenishinda uwakilishi wa darasa kwa kura moja! Mimi sijaandika hata jina, na mwisho ni Ijumaa. Kama Austine anaweza kuugua mawazo, mimi nashindwa na nini?

Jumanne, 16 Juni

Nimetembea hadi Kawangware, anakoishi Austine, kumpeleleza. Barakoa imelowa jasho. Nimemkuta kitandani saa saba mchana, pazia limefungwa, nywele kichaka. Nikamwambia, buda, unaigiza vizuri. Mpaka harufu!

Akaniangalia tu. "Siigizi, Timo."

Amesema asubuhi haoni sababu ya kuamka. Chakula hakina ladha. Watu wakipiga simu, anaiacha ilie. Nimeandika yote kwenye daftari. Mjanja huyu, hata mimi hanifichulii siri! Nikamuuliza kama huwa analia. Akageukia ukutani. Nimekaa naye hadi saa kumi. Utafiti.

Jumatano, 17 Juni

Mazoezi. Kukosa usingizi: rahisi, usiku silali tangu Aprili. Kutopokea simu: zipo kumi na saba sijapokea, tisa za mama kutoka Bungoma. Kutooga: Nekoye amesema hayo mazoezi nilianza zamani.

Nina kipaji! Nimeomba kuongea na mshauri wa chuo.

Ijumaa, 19 Juni

Madam Aluoch, mshauri mwenyewe, amepiga saa nne. Nilikuwa tayari. Daftari mkononi, kitunguu na kisu mezani, machozi yakigoma. Nikasoma dalili ya kwanza ya Austine, kwa sauti ya mgonjwa.

Akasikiliza, kisha akauliza, "Na wewe Timothy, mara ya mwisho ulifurahi lini?"

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nikatafuta jibu. Nikatafuta tena. Halafu nikalia dakika ishirini! Kitunguu hata sikukigusa!

Nekoye akasimamisha cherehani, akanishika bega mpaka simu ikaisha. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia asijali, ni maigizo. Akanikaangia mayai, akaketi kuniangalia nikila.

Nimeongezewa wiki tatu! Masharti: nioge, nimpigie mama, nitembee kila siku na mtu ninayemwamini. Madam mzima na digrii zake, nimemdanganya, nimemwingiza boksi!

Jumapili, 21 Juni

Jana nilioga. Nikampigia mama. Ameongea habari za ng'ombe dakika arobaini, kisha akasema alifikiri nimemkasirikia. Nikalala hadi saa mbili asubuhi. Ajabu.

Leo nimemtoa Austine kitandani. Alikataa. Nikamwambia sharti ni mtu ninayemwamini, na wengine wote hawakupatikana. Akavaa viatu.

Tukazunguka Kawangware polepole, karibu na soko. Austine akatundika barakoa kwenye msumari wa kibanda ili anywe maji. Mbuzi akaja, akaivuta, akaanza kuitafuna. Austine akashika kamba moja, mbuzi kamba ya pili. Wakavutana! Mbuzi akashinda, akaondoka kamba ikining'inia mdomoni, mzito kama mbunge. Austine akakaa chini barabarani akicheka. Mimi pia. Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatuuliza tumevuta nini.

Hii ni hatari kubwa. Madam atapiga tena Alhamisi, na watu wawili wakionekana wanacheka hivyo hadharani, siri yetu itafichuka. Nimemwonya Austine vikali: kesho tunatembea tena, lakini kwa huzuni.