Kura ya Mama Mkwe

Jumatano, 4 Agosti

Siku sita zimebaki na bado sijui nitampigia nani kura ya urais. Watatu! Nchi yote hii, watu wote hawa wenye akili zao, tukaletewa watatu hawa. Wa chama cha Kijiko amekaa serikalini tangu mimi nikiwa na nywele. Wa Ngazi amehama vyama vinne, na kila akihama anasema sasa amefika nyumbani. Wa Cherehani anasifiwa kuwa mtu mwema. Wanaomsifu ni yeye na mke wake.

Hapa Daraja Mbili ninapouzia viatu vya mtumba, kulia kwangu kuna Anyona wa ndizi, ambaye ni Kijiko damu. Kushoto kuna Odero wa makoti, mtu wa Ngazi. Leo Anyona alininunulia chai ili anishawishi. Odero alipoona akaninunulia chai na mandazi mawili. Kila mmoja nilimwambia nimebakiza kidogo tu niamue. Mtu asiye na msimamo hanyimwi chai! Nitaendelea hivyo hadi Jumatatu.

Lakini moyoni inaniuma, na humu daftarini sina wa kumficha. Nimepiga kura tangu ujana, na kila mara nimejuta kabla wino haujatoka kidoleni. Safari hii nilitaka nisijute.

Alhamisi, 5 Agosti

Makubwa! Mama mkwe amepiga simu. Si kwangu, jamani. Kwa Nyanchera, mke wangu, binti yake. Mimi na Mama Mokeira tuna heshima ya ukwe, chinsoni, ile ya kutopeana mikono wala kukaa benchi moja. Miaka ishirini na sita tumesalimiana kwa mbali, tukaulizana habari za mvua, basi.

Mama anaishi Nyacheki kwenye majani chai yake. Macho yamezibwa na mtoto wa jicho. Uchaguzi uliopita alisaidiwa kupiga kura na mwanawe Ondieki. Mama alimtaja mtu aliyekuwa chini kabisa ya karatasi, lakini masikio yake yakasikia kalamu ikikwaruza juu. Alinyamaza. Miaka mitano amenyamaza! Sasa amesema Ondieki asisogee. Sheria inamruhusu kumchagua msaidizi wake, na amenichagua mimi. Sababu yake ni kwamba mwana anaweza kumdanganya mama, ila mkwe atashikwa na haya.

Nyanchera alilia kidogo akinisimulia. Mama anasema pengine hii ndiyo kura yake ya mwisho, na anataka iwe yake kweli. Nikaguswa. Niliguswa kwa dakika kama tano hivi.

Halafu nikaona mwanga. Mama Mokeira hakosei watu! Alimkataa mkurugenzi wa kiwanda chao cha chai miezi miwili kabla hajatoroka na pesa za wakulima. Hata mimi alinikataa mara mbili kabla ya kukubali, na nikiwa mkweli alikuwa na hoja. Basi: nitamsaidia Nyacheki asubuhi, nitaona alipotia alama, kisha nitakimbia Suneka nilikojiandikisha, nimpigie mtu huyo huyo. Msaidizi hula kiapo cha kutosema. Kuiga si kusema! Sijui kwa nini watu wengine huona kufikiri ni kazi ngumu.

Ijumaa, 6 Agosti

Ondieki amekuja kibandani akifoka. Yeye ni wakala wa Kijiko huko kwao. Anadai nimemwibia mama. Nilimjibu kwamba mama hakuibwa, amehama. Hapo ndipo alipoinua sauti, na wanawake waliokuwa wakijaribu viatu wakageuka wote.

“Wewe Masese, umewahi kuona kale kasanduku ka kupigia kura? Kanatosha mtu moja! Sasa utasimama na mama yangu bega kwa bega, na wewe ni mkwe?”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mteja mmoja aliacha kiatu akaondoka zake, kana kwamba tayari nimefanya.

Nyumbani nilisimamisha katoni ya viatu mezani na kumwomba Nyanchera tufanye mazoezi, yeye awe Mama. Mabega yaligusana mara tatu. Mara ya nne Nyanchera alifanya makusudi, akacheka mpaka akakaa chini. Nampenda mwanamke huyu, ila hana msaada.

Jumamosi, 7 Agosti

Sabato. Mzee wa kanisa ametangaza kuwa siasa isivuke lango la kanisa. Katika maombi Anyona alifungua jicho moja akanionyesha ishara ya kulamba kijiko. Sijui ningemwonaje kama yangu yangefungwa, lakini hilo ni lingine.

Baada ya ibada nilimuuliza mzee, kwa kuzungukazunguka, mtu fulani akibanwa na sheria ya nchi upande huu na heshima ya ukwe upande ule, afanye nini. Akasema mtu huyo fulani amwambie Mama mkwe kwamba kanisa linamwombea. Kumbe Nyanchera ameshawasimulia akina mama wote.

Jibu nimelipata mwenyewe nikila ugali na mboga ya chinsaga. Leso! Nitaining’iniza begani, iwe pazia kati yangu na Mama. Nimechagua ile ya kijani ya Nyanchera, nzito, mpya.

Jumatatu, 9 Agosti

Kampeni zimeisha, na chai imekatika. Anyona na Odero wamekunywa yao pamoja, wakiniangalia. Nimekuja kulala Nyacheki, kwa shemeji mwingine, maana kulala kwa Mama ni mwiko. Ametuma mjukuu wake Ashley aniletee ndizi za kuchemsha, na ujumbe kwamba amefua nguo yake ya kanisani.

Jumanne, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimechoka hoi. Lazima niandike yote.

Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya shule. Mama mbele na fimbo yake, nguo nyeupe, kitambaa kichwani. Mimi hatua tatu nyuma. Watu walitupisha kwa ajili ya umri wake. Nilikula kiapo, nikatia sahihi, nikatoa leso.

Ondieki akaruka kama amekanyaga siafu. Akamlalamikia afisa kwamba kijani ni rangi ya Ngazi, na mimi nafanya kampeni kituoni! Wakala wa Ngazi naye akaisifu leso, jambo ambalo halikunisaidia. Leso ikatolewa nje. Nikavua koti, nikaligeuza ndani nje, nikaliweka begani. Koti halina chama. Tukaingia.

Nilimsomea Mama majina matatu kwa sauti ya chini. Nikarudia. Nikamuuliza kwa heshima, nikitazama ukuta, anamtaka yupi.

“Baba…” akaanza, kisha akasita, maana hajawahi kuniita kwa jina lolote. “Baba watoto. Mimi hawa watu wamenishinda. Nyanchera aliniambia wewe unawapima usiku na mchana. Ndio nikakuita. Yule umeona, huyo huyo.”

Mama amekuja kuniiga mimi!

Ningeweza kutaja yeyote. Ningetaja wa Anyona nipate chai mwaka mzima. Lakini nilimwona alivyoshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mikono iliyochuma chai miaka hamsini, akiningoja mimi nimwambie ukweli. Nikasema ukweli. Kwamba sina mtu. Kwamba nilikuja kuchungulia wa kwake.

Mama Mokeira akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka hadi koti likaanguka na mabega yakagusana, na afisa akauliza kama kuna shida. Nikasema hakuna. Hatukusogea.

Kisha akafuta macho, akaniuliza jambo moja tu. Kati ya watatu hao, kuna ambaye amewahi kusimama mbele ya watu akasema “nilikosea”? Nikafikiri. Kweli nilifikiri, kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze. Alikuwepo. Mmoja, mara moja, kwa jambo dogo la daraja lililosombwa na maji, na alisema huku amenuna. Lakini alisema.

“Basi nionyeshe hapo,” Mama akasema. “Alama naweka mimi.”

Nikamshika mkono. Sijui wazee watasema nini. Kalamu ilikuwa katikati yetu, natumaini hiyo inahesabika. Nilimfikisha kwenye kisanduku nikaachia, naye akaweka alama polepole, akiinamisha sikio. Akasikia kalamu ikikwaruza pale tulipokubaliana. Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulia, na nadhani nililia. Jina siliandiki hata hapa, kwa kuwa kiapo ni kiapo.

Mezani kulikuwa na wino. Karani, kijana wa watu, alimwomba Mama kidole naye akauficha mkono ndani ya nguo yake. Alihofia, maana mara ya mwisho wino ulimwasha wiki nzima. Mimi nikiwa bado nimejaa mapenzi ya ukwe nikasema Mama, si kitu, tazama, kisha nikakumbuka haoni, nikasema sikia, nikachovya kidole changu mimi mwenyewe hadi kwenye fundo. “Hauwashi, Mama!” Naye akatoa chake.

Nilimfikisha kwake. Aliniagiza nile kwanza. Mama mkwe akikuagiza kula, unakula. Magari yalikuwa machache, nikangoja barabarani hadi alasiri. Suneka nimefika saa kumi na dakika arobaini, kituo kikikaribia kufungwa, mbio, nikihema, jina la mtu wangu likiwa tayari kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua!

Karani akaniomba mkono, akatazama kidole, akatazama uso wangu. Nilieleza habari ya Mama, wino na kuwashwa. Watu kwenye foleni walisikiliza kwa furaha kubwa. Walinirudisha nyumbani saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Nyanchera hakunicheka. Alinitilia maji ya kuoga, akasema Mama amempigia, na amezungumza nusu saa bila kumtaja mtu mwingine ila mimi.

Jumatano, 11 Agosti

Anyona ameona kidole changu cheusi, akanikumbatia akidhani nimepigia Kijiko. Chai. Odero naye amekiona, akanipa mkono kwa sababu ya Ngazi. Chai na mandazi. Sikusema uongo wowote. Nilitabasamu tu, pande zote mbili.

Ondieki amepiga simu, sauti ya chini. Ameniuliza kama Mama alifurahi. Nikamwambia alifurahi. Kisha akaniuliza kama nadhani atamsamehe. Nilimshauri aende akamwambie “nilikosea”, kwa neno hilo hilo. Sikumwambia nimeyatoa wapi.

Jumatatu, 16 Agosti

Matokeo yametoka. Hakuna aliyefikisha nusu! Tutarudi tena ndani ya siku thelathini, na sasa wamebaki wawili. Kama mtu wa Mama yumo au hayumo, sisemi.

Saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Yangu, si ya Nyanchera. Alikuwa Mama Mokeira mwenyewe! Nilisimama wima katikati ya viatu, nikavua kofia. Ondieki alikwenda kwake jana, akalisema lile neno, kisha wakaketi kula pamoja. Mama ana furaha. Lakini kura amesema ataipiga na mimi. Anaona safari ile tuliamua kwa haraka, tukisukumwa na afisa. Sasa tuna muda. Akaniuliza kama nimeanza kuwapima hawa wawili.

Nilipaswa kusema bado. Sentensi fupi, na ukweli ulishanifaa mara moja wiki iliyopita. Lakini alikuwa amenipigia mimi moja kwa moja, na Anyona na Odero walikuwa wanasikiliza. Nikajikaza nikamwambia nimeshamaliza, Mama, nimeamua, usiwe na wasiwasi.

Akashusha pumzi. “Mbuya mono, vizuri sana,” akasema. “Basi na mimi nimeamua.”

Sijui tumeamua nini. Kesho nitamchunguza Nyanchera kwa ujanja, nione yeye anampigia nani.