Kornelia wa Kibosho na Jani Lililobanwa kwenye Faili

Sogeeni, enyi mnaochambua kahawa kwa vidole, nanyi mnaoinywa bila kujua imepita mikononi mwa nani. Tueni mikungu ya ndizi, tulizeni watoto, nipate kuwasimulia vita vya Kornelia binti Sirili, mzaliwa wa Kibosho, Mwenye Vidole Vyepesi, ambaye kwa miaka miwili kiwandani kwetu kwa kahawa, Moshi mjini, hakuwahi kubishana na mtu, wala na paka wa jikoni.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili ya mvua, homa ilipomshukia kama jeshi litokalo mlimani. Ikateka magoti, ikateka kiuno, ikapiga kambi kichwani. Siku tatu Kornelia alilala chini ya mablanketi mawili, akinywa dawa za malaria kutoka zahanati na mtori wa ndizi wa Shangazi Paskalina, aliyemlea tangu utotoni. Siku ya nne akainuka, akashuka kazini, akakuta kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, neno MTORO limeandikwa mara tatu. Na juu ya ungo wake barua yenye mhuri, ikimwita kikaoni aeleze kwa nini asifukuzwe kazi. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na shangazi yake.

Uwanja wa mapambano ulikuwa chumba cha Bwana Eliufoo, afisa wa wafanyakazi, mtu wa Mwika, Mlinzi wa Mafaili, ambaye hakuna kitu kilichopita mezani pake bila kugongwa mhuri. Pembeni alikaa Shedrack, mwakilishi wa wafanyakazi, aliyekuwa ameapa kumtetea Kornelia mpaka tone la mwisho la chai.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Paza sauti, dada, hatupo msibani."

Kornelia akakiweka mezani cheti cha zahanati, kama shujaa asimikaye mkuki. Eliufoo akakisoma mbele, akakisoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu, kisha akanena:

"Cheti nimekiona. Lakini kanuni za nyumba hii zinataka mgonjwa alete taarifa siku ya kwanza. Taarifa yako iko wapi?"

"Nilimtuma shangazi."

"Alikuja, naam! Na tazama alicholeta."

Akafungua faili, akaliinua juu wote walione: jani la isale, refu, limepigwa fundo, limebanwa kwa pini na kugongwa mhuri wa tarehe.

Shedrack, andazi mdomoni, akashika kichwa. Maana hakuna mtu wa mlimani Kilimanjaro, awe wa Kibosho au wa Mwika, asiyejua kwamba isale hubebwa na mkosaji aendaye kuomba msamaha, wala si na mgonjwa. Kumbe Shangazi Paskalina, kwa hofu kwamba binti atapoteza kazi, hakutaja homa hata kidogo. Alikata isale mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akashuka nalo hadi mjini, akamkabidhi Eliufoo huku akilia, akiomba binti yake asamehewe kwa lolote alilofanya.

"Kwa lolote!" akasema Eliufoo. "Ndivyo alivyotamka. Nina miaka hamsini na miwili, sijaona mtu asiye na kosa akileta isale. Huu ni ushahidi namba moja. Shedrack, unasemaje?"

Shedrack akameza andazi. "Kwa kweli, bosi, isale ni isale."

"Asante, mtetezi."

Kornelia akatazama viatu vyake. Kisha, enyi wasikilizaji, binti yule akainua uso.

"Bosi, shangazi alipokupa hilo jani, ulilipokea?"

"Nililipokea, tena kwa mikono miwili. Mama mtu mzima analia mlangoni kwangu, ningefanyaje? Nimelelewa, mimi."

"Kwetu Kibosho ukipokea isale umesamehe, maneno yameisha. Huko Mwika mnapokea, halafu mnaandika barua?"

Shedrack akaacha kutafuna.

"Mwika usiiguse!" Eliufoo akasimama, akaketi tena. "Mwika tunaheshimu isale kabla yenu nyie."

"Basi umeshanisamehe. Na kama humu ofisini isale ni jani tu, basi si ushahidi, kimebaki cheti cha daktari. Halafu mhuri ulioligonga ni wa Jumatatu. Shangazi alifika siku ya kwanza."

"Hakusema unaumwa!"

"Hukumuuliza, bosi."

Eliufoo akalitazama jani, na jani likamtazama Eliufoo. Watu wa kwao wangesemaje wakisikia kwamba alipokea isale la mama wa watu, akalifungulia mashtaka?

"Shedrack," akasema hatimaye, kwa sauti ya jemadari anayerudisha jeshi nyumbani, "lete daftari. Na wewe dada, kamwambie shangazi yako, homa huletewa taarifa. Majani ayaache shambani."

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe: siku hiyo, saa nne na robo asubuhi, mbele ya shahidi mwenye makombo ya andazi kidevuni, kalamu nyekundu ilikata neno MTORO mara tatu, na juu yake ikaandika MGONJWA, MGONJWA, MGONJWA. Habari ilipotoka ofisini, meza zote nne zikaacha kuchambua kahawa, wanawake wakapiga vigelegele hadi fundi wa mashine akazima mtambo akidhani kuna moto. Tangu kiwanda kile kifunguliwe, hakuna mwingine aliyewahi kushangiliwa namna hiyo kwa kuthibitishwa kwamba aliumwa.