Hatua Kumi na Moja za Kupata Jalada

Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, baada ya ukungu kupewa muda wa kutosha kuondoka uwanjani, Bwana Sefania, mkuu wa masijala katika mahakama moja ya mwanzo huku juu Usambara, alisimama kwenye ngazi na kuutangazia umma kwamba tatizo la majalada kupotea limekomeshwa rasmi.

Umma siku hiyo ulikuwa watu wanne na mbuzi mmoja aliyeletwa kama kielelezo.

"Kuanzia leo," alisoma, "hakuna jalada litakaloitwa limepotea. Kutakuwa na jalada lililopo, na jalada lililo katika mchakato wa kuwepo."

Akapiga makofi yeye mwenyewe kwanza, ili wananchi wajue pa kuanzia. Kisha akabandika ukutani karatasi tatu zilizounganishwa kwa gundi: Utaratibu Rafiki wa Kumwezesha Mwananchi Kupata Kumbukumbu za Mashauri ya Kifamilia, wenye hatua kumi na moja. Talaka, mirathi, matunzo ya watoto, vyote vilikuwa humo. Alikuwa ameuandika kwa wiki sita, na kuna jioni aliusoma kwa sauti peke yake nyumbani akaona hauna pa kupunguza. Nakala moja aliituma kwa wakubwa, na wakubwa walijibu kwamba mkaguzi atakuja Alhamisi kuuona, na kwamba mwandishi wake anafikiriwa kwa nafasi ya mkoani Tanga. Tai ya kwenda nayo Tanga ilikuwa tayari kabatini.

Kikwazo pekee kilikuwa Zakia, karani msaidizi. Zakia alikuwa na miaka tisa kazini na kasoro moja ya kikazi: alijua kila jalada lilipo. Ukimtajia majina na mwaka, alifungua lile daftari kubwa la kuandikisha mashauri, akashusha kidole, akaenda rafuni, akarudi na jalada. Sefania alimweleza mara nyingi hatari ya tabia hiyo.

"Ukimpa mtu jalada kwa dakika tano, Zakia, ataondoka akijua kazi yetu ni ya dakika tano."

Kwa hiyo daftari lilifungiwa kwenye kabati la chuma, ufunguo ukaingia mfukoni mwa Sefania, na Zakia akapangiwa usimamizi wa benchi la wateja.

Mteja wa kwanza wa enzi mpya alikuwa Raheli, mama wa miaka hamsini na saba, mkulima wa viazi na kabichi kutoka Mtae. Alikuja na Nikodemo, fundi seremala mstaafu, mzee mrefu aliyevua kofia mlangoni na hakuivaa tena mpaka walipotoka. Raheli alisimama mbele ya dirisha, akingoja. Alimzidi Sefania kwa miaka kadhaa, na alikuwa anangoja shikamoo yake.

Haikuja. Sefania alikuwa amelitafakari suala hilo kwa kina. Mtu humwamkia aliyemtangulia kuzaliwa, na ofisi ile ilijengwa kabla Raheli hajazaliwa. Kwa hiyo, saa za kazi, mwenye kuamkiwa ni dirisha.

"Eleza shida," alisema.

"Nataka nakala ya hukumu ya talaka yangu," alisema Raheli. "Tuliachana hapa na mume wangu wa kwanza, Alen. Sasa naolewa na huyu. Ndoa ni ya bomani, Ijumaa hii, na bomani wanataka waione hukumu."

"Namba ya shauri?"

"Siijui, baba. Ilikuwa tisini na sita, mwaka ule barabara ya Mombo iliposombwa na mvua. Hakimu alikuja na mabuti ya mpira."

"Mabuti si namba."

"Namba inapatikana wapi?"

"Ndani ya jalada."

"Basi naomba tulifungue."

"Ili lifunguliwe," alisema Sefania kwa upole wa mtu anayefundisha, "unaomba kwa barua yenye namba. Hiyo ni hatua ya kwanza. Na hatua ya sita, unaambatisha nakala ya hukumu unayoiomba, ili tuilinganishe na yetu tuone kama ndiyo."

Raheli alimtazama, akamtazama Nikodemo, akalitazama lile benchi. Zakia, ambaye usimamizi wa benchi ulimruhusu kusogea karibu, alimwambia kwa Kishambaa, polepole, kwamba mtu anayeitwa shaurini hupewa samansi, na samansi huandikwa namba juu, upande wa kulia. Sefania alizaliwa Muheza na lugha hiyo aliijua kwa salamu tu, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa akidhani mama anaagwa.

Jumanne Raheli hakuonekana. Sefania aliandika katika taarifa yake kwamba mteja mmoja amehudumiwa na kuridhika.

Jumatano walikuja watatu. Raheli alikuwa ameteremka hadi Mnazi kwa bodaboda, akamkuta Alen, mume wake wa zamani, shambani kwake, na Alen alikuwa bado na ile samansi. Aliitunza ndani ya Biblia pamoja na cheti cha chanjo ya ng'ombe. Tena hakutaka kuitoa tu. Alisema atakwenda nayo mwenyewe. Sasa walikaa kwenye benchi, bibi harusi katikati, bwana harusi huku na aliyeachwa kule, wakimenya karanga na kucheka juu ya jambo la zamani ambalo Nikodemo alisimuliwa upya kila alipokosa mwanzo wake.

Sefania aliwaona kupitia dirisha na akaingiwa na wasiwasi wa kitaalamu.

"Shauri la Ndoa namba tisa la mwaka tisini na sita," alisema Raheli, akiisukuma samansi mbele. "Na barua hii hapa."

"Huyu ni nani?"

"Alen. Ndiye mdaiwa wa humo ndani."

"Mbona mnacheka naye?"

Sefania alichukua kalamu na kuandika: wadaawa wameonekana wakila karanga pamoja katika eneo la mahakama.

"Hapa kuna dalili za kupatana," alisema. "Hatuwezi kutoa nakala ya talaka ambayo huenda haitumiki tena. Mtakwenda kwenye baraza la usuluhishi, wathibitishe kwa maandishi kwamba bado hamtakani."

"Mheshimiwa," alisema Alen kutoka kwenye benchi, "tuligombana miaka sita na tukaachana siku moja. Ile siku moja ndiyo iliyotufanya marafiki. Mimi nimekuja kumsindikiza aolewe."

"Unamtakia nini huyu mama?"

"Heri tu."

"Ndiyo hayo ninayosema," alisema Sefania, na akaongeza neno heri kwenye maandishi yake.

Raheli aliegemea dirisha. Sauti yake haikupanda. "Mwanangu, huyu mzee ana miaka sabini na mbili. Mume wangu niliachana naye zamani, mke wake alifariki, na tangu msiba huo tumekaa miaka kumi na moja kila mmoja na chungu chake upande wake wa bonde. Bomani wametupangia Ijumaa. Ikipita, tunaanza tena tangazo, tena kungoja. Yeye hasemi, lakini kila tukipanda kilima namsikia anavyohema."

Sefania alihisi kitu kikimgusa kifuani. Alikitambua, akakiona hakina kiambatisho, akakiacha.

"Baraza linakaa Jumanne ijayo," alisema.

Alhamisi mkaguzi alifika. Aliitwa Bi Scholastica, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu mpaka mwisho. Alimwamkia Raheli, aliyekuwa amerudi na wenzake kwenye benchi, akamwamkia Nikodemo, akamwamkia Alen, kisha akasimama mbele ya zile karatasi tatu kwa robo saa nzima. Sefania, mwenye tai, alisimama nyuma yake akihesabu mara alizotikisa kichwa.

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi, mama."

"Yanafanya kazi?"

"Kikamilifu."

"Vizuri." Alifungua mkoba na kutoa fomu ya Sefania ya kuombea ile nafasi ya Tanga. "Hapa kwenye hali ya ndoa umeandika mtalaka. Sikuona nakala ya hukumu. Shauri lilisikilizwa wapi?"

"Hapa hapa, mama. Mwaka elfu mbili na tisa. Zakia, kaniletee jalada langu."

"Hapana," alisema Bi Scholastica. "Nimekuja kuuona utaratibu unavyofanya kazi. Nitauona kwako. Nenda upande wa pili wa dirisha."

Sefania alitoka kwa hatua za mtu asiye na wasiwasi, akazunguka jengo, akaja dirishani kama mwananchi. Hapo likazuka jambo la kisheria. Hatua ya kumi, aliyoiandika kwa mkono wake na kuipigia mstari, ilikataza ofisa kushughulikia jalada lake mwenyewe. Mkuu wa masijala alikuwa yeye. Kwa hiyo alijiandikia barua kujitaarifu kwamba anajitoa, akajipokelea, na akamkabidhi Zakia ufunguo na ukaimu.

"Namba ya shauri?" alisema Zakia.

Sefania alifikiri. Alikumbuka kwamba Hadija, mke wake wa wakati huo, siku ile alivaa kitenge cha njano. Alijua kitenge si namba.

"Kaa kwenye benchi tafadhali," alisema Zakia.

Alikaa kati ya Alen na Nikodemo. Alen alimmiminia karanga mkononi bila kuulizwa. Dakika arobaini zilipita, na Bi Scholastica alizipima zote kwa saa yake. Kisha akageuka.

"Mama, wewe una siku ngapi hapa?"

"Leo ya nne tangu nianze," alisema Raheli.

"Zakia, kabla ya hizi hatua kumi na moja mlikuwa mnafanyaje?"

"Tunauliza majina na mwaka," alisema Zakia. "Tunatazama kwenye daftari. Mtu anaandika barua kwa hakimu, analipia kwa namba ya malipo, tunatoa nakala, tunagonga muhuri."

"Fanya hivyo."

Zakia alifungua kabati. Dakika kumi na mbili baadaye Raheli alikuwa ameshika karatasi nne zenye muhuri kila ukurasa, na Nikodemo alikuwa anajaribu kuzisoma juu ya bega lake bila miwani. Alen alisimama akampa Raheli mkono, kisha akampa Nikodemo mkono, kisha, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu, akampa na Sefania.

"Na wewe, Bwana Sefania," aliita Zakia. "Majina na mwaka."

Jalada lake halikuwa katika mchakato wowote. Lilikuwa rafu ya tatu. Zakia alilifungua, akafika ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma mmoja, akafika mwisho tena. Alimpa Bi Scholastica.

"Hapa shauri limeahirishwa kwa ajili ya hukumu," alisoma Bi Scholastica. "Wadaawa waliitwa tarehe kumi na nne Septemba. Hakuna aliyefika. Basi."

"Nilikuwa kwenye semina," alisema Sefania.

"Hukurudi kufuatilia?"

Sefania alitazama zile karatasi zake ukutani. "Nilidhani wataniandikia."

"Kwa hiyo wewe ni mume wa mtu," alisema Bi Scholastica, na akasahihisha ile fomu kwa kalamu nyekundu. Kisha akamwomba Zakia naye ajaze fomu ya Tanga.

Hadija alipigiwa simu Mombo, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi. Alicheka mpaka ikabidi simu iwekwe mezani. Akasema atapanda Ijumaa, maana hakuwa na nia ya kulala akiwa mke wa masijala hata wikiendi moja zaidi.

Ijumaa asubuhi, wakati Raheli na Nikodemo wakitia sahihi bomani huku Alen akiwa shahidi, hakimu alisoma hukumu ya Sefania na Hadija. Ilichukua muda mfupi. Hadija aliuliza yule mama anayeolewa yuko wapi, akaelekezwa, akaenda kucheza ngoma kwa watu asiowajua.

Sefania alibaki. Aliandika barua ya kuomba nakala. Zakia aliipokea, akamwamkia Sefania shikamoo kwa kuwa ndiye aliyemzidi umri, na kabla hajafika kwenye benchi Zakia alikuwa ameshamwita.

"Tayari," alisema.

Sefania aliipokea. Alikagua mihuri, ilikuwapo yote. Aligeuza nyuma, akageuza mbele.

"Hakuna fomu ya kujaza?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hata ya kuthibitisha kwamba nimepokea?"

"Nakuona umepokea, kaka," alisema Zakia, na akamwita anayefuata.