Nani Anakuogesha, Mama?

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimetoka barazani kwa chifu, hapa Muyeye, mbiombio. Habari njema! Kuna mpango wa majaribio: anayemtunza mgonjwa nyumbani bila mshahara atahesabiwa kama mfanyakazi, akizeeka apate pensheni. Mimi huyo! Miaka minane namwogesha mama mkwe, namlisha, namgeuza kitandani, tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kushoto. Kibanda changu cha mahamri nilikifunga kwa ajili yake. Nina miaka hamsini na mbili, na uzee wangu hauna hata kigoda cha kukalia.

Nimejiandikisha wa tatu. Ningekuwa wa kwanza, lakini kuna mama mmoja kwenye foleni ana viwiko vikali.

Afisa anakuja keshokutwa kumwona mgonjwa. Nimemweleza Mama. Akauliza mgonjwa ni nani.

Jumanne, 9 Septemba

Mama hakubali kwamba anaumwa. Eti amepumzika tu. Amepumzika miaka minane! Na mgeni akija hutaka kitenge kipya na poda, aegemezwe mito kama bibi harusi. Afisa akimkuta hivyo, nimekwisha.

Nimepata akili. Nimemwambia mgeni wa kesho ni mchungaji, anaombea wagonjwa, na asiyelala chali haombewi. Mama amefurahi sana. Ameahidi kulala na kusikitika. Wakati mwingine najistaajabia mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa! Afisa ni mwanamke mpole, jina lake Ndinda. Akaingia na faili lake, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba hafifu. Mama kafumba macho, kasikitika barabara. Nikasema moyoni, kazi imekwisha.

"Nani anakuogesha, Mama?" Ndinda akauliza.

"Bwana."

Bwana yupi?

"Wa mbinguni. Ndiye anayenisafisha."

Na chakula? Anampa huyohuyo. Na nani anamgeuza kitandani? Hapo Mama akainua mkono mzima, akapaza sauti kwamba hageuzwi na mtu, amepona, haleluya! Akajaribu kuinuka. Nilimdaka nusu ya mwili iko nje ya kitanda.

Pale nje Ndinda akanieleza kwamba hawezi kuandika hayo, maana Mungu hana kitambulisho. Tena kuna mtu mwingine aliyejiandikisha kumtunza mgonjwa huyuhuyo. Janet, wa Mnarani.

Janet! Wifi yangu! Anayekuja Krismasi na chupa ya sharubati na kuondoka kabla vyombo havijaoshwa!

Ndinda atarudi Jumatatu kuamua.

Ijumaa, 12 Septemba

Janet ameingia na begi. Ananiita wifi kipenzi. Anadai mtoto wa kuzaa ana haki kuliko mke wa mtu. Sikubishana. Nimemwachia kazi yote, nikaenda kuketi kwa jirani, nikijua kufika adhuhuri atakuwa amekimbia.

Mama akamtemea uji. Nikasikia, nikafurahi. Kisha Janet akapiga yowe kwamba godoro limelowa. Nikafurahi zaidi, mpaka nikakumbuka shuka atafua nani. Nimezifua mimi. Na saa nane nikarudi mwenyewe ndani, kwa sababu Mama alikuwa hajageuzwa na roho yangu haikutulia. Janet amelala kwenye kochi. Ndiyo mpango wangu huo!

Jumapili, 14 Septemba

Nilikuwa namsuka Mama. Janet kaenda kanisani. Mama akaniambia, bila kugeuka, kwamba Janet kamfichulia Ndinda si mchungaji ila afisa wa pensheni, na kwamba kesho atamtaja Janet.

Kitana kikasimama. Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea. Janet ameachwa, hana mtoto. Atazeeka na nani? Wewe una Kambi."

Kambi! Mume wangu yuko Mariakani na lori lake, na kila akipiga simu anauliza kama Mama amekula. Hajawahi kuuliza kama mimi nimekula. Nikamwambia Mama hivyo hivyo. Nikaendelea kusuka, nikakaza kidogo. Hakulalamika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilijiandaa. Kipande cha kitunguu ndani ya leso, ili nilie Ndinda akiingia.

Janet alishakaa kitandani, kashika mkono wa mama yake. Ndinda akamwuliza dawa za jioni ni zipi. Janet akasema zile nyeupe. Zote ni nyeupe! Ziko aina tatu!

Kisha Ndinda akamgeukia Mama. Nikatafuta kitunguu.

"Nilidanganya juzi," Mama akasema. "Ni huyu Damaris. Ananiogesha, ananifuta, kila kitu. Naona haya, mwanangu. Kuogeshwa na mke wa mwanangu kama mtoto mchanga! Ndiyo maana sisemi."

Nikalia. Kitunguu nilikuwa sijakigusa.

Ndinda ameandika jina langu. Janet naye alilia, na Mama akamwambia awe anakuja kila Jumamosi ajifunze, kwa kuwa Damaris naye ana mgongo. Mlangoni Ndinda akaniambia taratibu kwamba ningesema ukweli tangu Jumatano, mambo yangekwisha Jumatano.

Jumatano, 17 Septemba

Ndinda amesema kweli. Ukweli una faida. Nimeamua kuishi kwa ukweli.

Leo nimejaza fomu ya mwisho. Wanauliza umemtunza mgonjwa miaka mingapi. Nikaandika nane. Ikaonekana pweke, peke yake kwenye kisanduku kikubwa vile. Nikaiongezea moja mbele. Moja tu!

Sasa wanataka shahidi aliyeiona hiyo miaka kumi na minane yote. Jirani yetu Lewa, fundi viatu, amekubali. Ana miaka ishirini na sita. Nimemwambia aanze kufuga ndevu leo.