Mkono Mzima Kabisa

Jumatatu, 4 Machi
Kifundo cha mkono wa kulia kinauma tena, upande wa kidole cha mwisho. Nimefungua kopo la sabuni tu, uwiii! Pale kazini tunafua mashuka ya hoteli. Mashine ya kukamulia imekufa, kwa hiyo tunakamua wawili wawili, kila mtu na ncha yake, huyu anazungusha huku na yule kule. Mwenzangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Amenitupia jicho la pembeni. Jumamosi bosi anamteua msimamizi, na shemeji anakitaka hicho cheo, kama mimi. Nimepiga mluzi kuonyesha mimi ni mzima.

Jumatano, 6 Machi
Hospitali, kwa siri. Mtaalamu wa viungo kasema ndani ya kifundo, upande ule, kuna kipande cha gegedu, kitu laini kati ya mifupa, kama washa ya mpira ya bomba. Nikikamua kinasagika. Nipumzike, nivae gango la kushikilia kifundo, nisipindepinde mkono, kisha mazoezi taratibu. Nikipuuza kitachanika, nitapasuliwa. Nimeitikia yote. Gango nitalivaa nyumbani tu. Kazini shemeji atazungusha, mimi nitashika ncha yangu bila kuizungusha. Akili hiyo!

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe kushika ni kukamua vilevile! Akizungusha yeye, unaopindika ni mkono wangu. Machozi yamenitoka, nikasingizia sabuni. Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini nipumzike. Nikamwambia aharakishe. Baadaye nimemsikia ofisini kwa bosi akitaja mkono wangu. Msaliti mkubwa!

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaita wote, hata bosi. Nimechukua blanketi zito kuliko yote, linachuruzika maji, nikamwamuru shemeji akamue kwa nguvu zake zote. Akakataa. Akanisihi mbele za watu niliweke chini. Nikamwita mwoga, nikamwambia dada yake ana nguvu kumzidi. Akazungusha.

Tak! Kifundo hicho. Nimeangukia beseni.

Garini bosi kanieleza kwamba jana shemeji alikwenda kumwomba usimamizi niupewe mimi, kwa sababu msimamizi hakamui. Bosi alikubali. Leo alikuwa anitangaze. Nimelia mpaka hospitali, na si kwa maumivu peke yake.

Jumapili, 24 Machi
Nimepasuliwa. Daktari hataki kuahidi kwamba mkono utarudi kama zamani. Naandika kwa kushoto, mwandiko kama wa kuku. Msimamizi sasa ni shemeji. Kila asubuhi anakuja kunifunga vifungo vya shati, hanitazami usoni. Mke wangu anasema kaka yake hali wala halali. Maigizo hayo! Kupewa cheo kapewa nani?

Lakini nina mpango. Leo wote walipotoka nimefunga ncha ya shuka kwenye bomba la uani, nikakamua kwa mkono wa kushoto peke yake. Limekauka vizuri tu. Bosi akiona hili, shemeji hana chake.

Kifundo cha kushoto kinavuta kidogo, upande wa kidole cha mwisho. Si kitu. Uchovu tu.