Koili Yangu na Kigae cha Grafini

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Shemeji, mdogo wake mke wangu, karudi maabarani kutoka masomoni na kigae kidogo kuliko ukucha. Eti juu yake pana grafini, utando wa kaboni wenye unene wa chembe moja. Moja! Na huo ndio utakuwa kipimo chetu kikuu cha ukinzani wa umeme. Koili yangu je, ule waya uliosokotwa ambao ndio kipimo chetu hadi leo? Imelala kwenye beseni lake la mafuta tangu nilipoajiriwa. Vifaa vyote vya maabara hulinganishwa nayo. Mkuu wa maabara kasema Ijumaa vitapimwa pamoja, mbele ya wakaguzi. Nikatabasamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji ni mimi, na sikuwa naumwa.

Jumanne, 5 Machi
Upelelezi mezani. Shemeji anakaa kwetu. Nikamchokonoa: kitu chembamba hivyo hakichakai? Akasema kipoze sana, kiweke kwenye sumaku kali, ukinzani wake utatulia pale pale, maana unatoka kwenye maumbile yenyewe, si kwa fundi. Kigae kingine, kikitengenezwa vizuri ng'ambo ya dunia, kitatoa jibu hilo hilo. Vigae vya zamani, visivyo vya grafini, vilitaka baridi kali na sumaku kubwa zaidi. Grafini haina makuu. Mke wangu akasema angejua mapema angeolewa na grafini. Wakacheka. Mimi nikatafuna.
Lakini limemponyoka moja: unyevu wa hewa huivuruga. Aha!

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua kisanduku. Nimeinama. Nimehema juu ya kigae kwa moyo wangu wote. Shemeji kaingia! Nikafumba macho haraka, nikamwambia nakiombea. Machozi yakamlenga. Kasema hakuna mwingine kazini aliyemwombea chochote. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba hiki kimepakwa plastiki maalumu, pumzi haikidhuru.
Sikula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepima koili peke yangu. Namba yake imesogea! Unywele tu, lakini imesogea. Nimerudia. Vile vile. Sasa ukinzani wake hufuata joto, kwa hiyo nikazungusha swichi ya beseni kidogo, mafuta yapate joto, namba irudi nyumbani. Huu si udanganyifu. Ni kumfunika mzee blanketi.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu.
Shemeji alianza. Akaongeza nguvu ya sumaku. Namba ya grafini ikakaa. Akapunguza kidogo, ikakaa. Mkaguzi mmoja akauliza kama mashine imekwama. Kumbe ndiyo sifa yake.
Zamu ya koili. Namba ikapanda. Ikapanda tena. Nilisahau kwamba mafuta yale hupata moto polepole hivyo, kisha hayasimami! Mkuu akauliza koili ina homa au vipi. Shemeji akatazama swichi. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.
Akageukia wakaguzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mafuta hayajatulia. Tungoje kidogo.” Akapita karibu yangu, akairudisha swichi bila kuiangalia.
Tukangoja. Koili ikatulia, na ule unywele wake ukaonekana na wote. Uamuzi: grafini ndiyo kipimo kikuu. Koili itapimwa kwayo, kisha itapeleka thamani hiyo kwa vifaa vingine. Haikutupwa. Imeshushwa cheo.
Wote walipoondoka nilibaki nayo. Miaka yote nimewaambia watu haibadiliki. Kumbe ilikuwa inabadilika polepole, pamoja nami, na sisi wawili tukitazamana hatukuona kitu. Mpimaji naye hupimwa na nani?

Jumapili, 10 Machi
Nyumbani hakuna aliyesikia habari za swichi. Shemeji hajanichongea. Nilimkuta barazani, nikakohoa, nikaanza kueleza, nikaishia kusema hali ya hewa ni nzuri. Akasema, “Shemeji, nifundishe yale mafuta. Mikono yako inayajua. Mimi nayasoma tu vitabuni.” Ikabidi nijifanye nina vumbi jichoni. Mke wangu akaniletea kitambaa.
Nimeapa. Hila basi. Kitu kinachosema lile lile kwa kila anayekiuliza, kikitazamwa au kisitazamwe: mtu mzima anaweza kujifunza kwacho. Nimelala mchana kwa amani.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu katangaza: chumba cha grafini kinatafuta msimamizi. Wote wakamgeukia shemeji. Sawa. Anastahili.
Ila nimewaza. Kama grafini haibadiliki hata ikishikwa na nani, basi haihitaji mtaalamu. Inahitaji mtu yeyote tu. Na mtu yeyote ni mimi! Kesho nitamshauri shemeji, kwa mapenzi ya kindugu tu, kwamba anaonekana amechoka na likizo ndefu itamfaa.